Katlesi ya Eastlands ina nyama gani?

*Mlaji wa mitaa ya mashariki mwa Nairobi hununua nyama iliyosagwa bila kujua ilitoka kwa mnyama yupi. Sasa taifa linajadili tena kama nyamapori iruhusiwe sokoni, na yeye hajaulizwa.*

Jua likizama, Majengo ya Pumwani hunukia mafuta ya moto. Kando ya vichochoro vinavyopita kati ya nyumba kongwe za mabati, makarai yamekaa juu ya majiko ya makaa na kila karai lina lake: viazi karai, bhajia, mahamri, na katlesi zinazogeuzwa taratibu hadi ganda la chenga za mkate liwe rangi ya kahawia.

Mteja mwenye njaa hutiliwa katlesi mbili ndani ya mkate uliopasuliwa, kachumbari juu, ukwaju kando. Huuliza bei. Huuliza kama pilipili ni kali. Kisha huondoka akitafuna, akielekea stejini kutafuta matatu ya Kayole au Umoja.

Swali la nyama haliulizwi. Pumwani ina historia yake ya kuaminiana. Waislamu wa asili mbalimbali, wengi wao wenye mizizi ya pwani, waliufanya mtaa huu makao tangu miaka ya 1920, na mapishi ya Mombasa na Lamu yakaja nao. Mama anayekaanga katlesi hapa kwa kawaida humjua mwenye bucha wake kwa jina, na wateja wake humjua yeye.

Lakini katlesi, kebabu na sambusa zimeenea Eastlands yote, kuanzia Kariobangi hadi Donholm, na nyama ya kuzijaza haitoki tena kwa mwenye bucha mmoja anayejulikana. Nyingi hununuliwa ikiwa imesagwa tayari, imefungwa kwenye karatasi ya nailoni, haina mfupa wala ngozi.

Dawati la wikendi lilinituma na swali lililoonekana jepesi: je, mtu anaweza kutengeneza mkate wenye katlesi ya nyamapori katika mitaa hii? Jibu nililolipata ni zito. Huenda umekwisha kuula. Aliyekuuzia hakukwambia, na anayetaka kuupika waziwazi hana ruhusa, isipokuwa kwa wanyama wachache wanaofugwa.

Sampuli 202

Mwaka 2004, uchunguzi uliohusisha mashirika ya Born Free na Youth for Conservation ulinunua nyama katika bucha za Nairobi na kuipeleka maabara. Sampuli zilikuwa 202. Robo yake ilikuwa nyamapori tupu. Asilimia 19 nyingine ilikuwa nyamapori iliyochanganywa na nyama ya mifugo.

Yaani katika kila vifurushi vitano, zaidi ya viwili havikuwa kile mnunuzi alichodhani amelipia.

Uchunguzi huo una zaidi ya miaka 20 sasa, na mji umebadilika. Ninaurejelea kwa sababu ulionyesha kitu ambacho hakijabadilika: biashara ya nyamapori mjini Nairobi haikusimama juu ya hamu ya watu. Hapakuwa na foleni ya wateja wakidai pundamilia. Ilisimama juu ya bei ya chini na kinywa kilichofungwa.

Linganisha na Kitui. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2000, iliyoandikwa na Rob Barnett, ilieleza kwamba asilimia 80 ya kaya zilizohojiwa huko zilikula nyamapori, wastani wa kilo 14 hivi kwa mwezi. Watu wale walijua wanachokula. Wengine waliwinda wenyewe, wengine walinunua kwa jirani, na umaskini na ukame ndivyo vilivyowasukuma. Ilikuwa kosa kisheria, lakini hapakuwa na udanganyifu mezani.

*Kitui walikula wakijua. Nairobi ilikula ikidhani ni ng'ombe.*

Mashine ya kusagia

Fundi wa bucha atakueleza kwamba nyama yenye mfupa ni vigumu kuidanganya. Ubavu wa ng'ombe una upana wake, mguu wa mbuzi una urefu wake, na mafuta yana rangi yake. Zaidi ya hapo kuna muhuri. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, mnyama anapaswa kuchinjwa katika kichinjio chenye leseni, akaguliwe na mkaguzi, kisha mzoga wake upigwe muhuri kabla ya kwenda dukani.

Eastlands ina vichinjio vyake. Kiamaiko, karibu na Huruma, hujulikana mji mzima kwa mbuzi. Njiru huchinja ng'ombe. Nyama inayotoka huko asubuhi huwa na alama ya mkaguzi, na mwenye bucha makini huining'iniza alama ikitazama wateja.

Twiga au pundamilia hana njia ya kupita mlango huo. Huuawa usiku, huchunwa palepale porini, mifupa na ngozi huachwa, na minofu hutiwa magunia au mabegi. Safari ya kwenda mjini ni ya pikipiki au gari dogo la kubebea mizigo, kabla ya alfajiri. Inapofika, imekwisha kupoteza kila kitu ambacho kingeitambulisha. Mashine ya kusagia humaliza kazi iliyobaki.

Nyamapori si mgeni wa pekee ndani ya kima, yaani nyama ya kusaga. Juni 2018, mkazi mmoja wa Nakuru alikamatwa akichuna paka, ikaelezwa kwamba nyama hiyo iliuzwa kwa wakaangaji wa sambusa. Nchi nzima ilishtuka kwa wiki moja, kisha ikaendelea kununua sambusa.

Punda naye ana kisa chake. Baada ya vichinjio vinne vya punda kupewa leseni kuanzia 2016, vikilenga soko la ngozi la China, wizi wa punda ulishamiri vijijini. Februari 2020 serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo wa kibiashara, na Mei 2021 Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku. Katika miaka hiyo yote polisi wamenasa magari yaliyobeba nyama ya punda ikielekea Nairobi.

Kila nyama kama hiyo inaponaswa barabarani, jina la soko la Burma hutajwa upesi. Burma iko kando ya Barabara ya Jogoo, na ndiyo ghala la nyama la Eastlands: mikahawa ya Makadara, vibanda vya Shauri Moyo, wapishi wa mazishi na wa harusi, wote hununua hapo. Wafanyabiashara wengi wa soko hilo huamka saa tisa usiku kwenda kufuata nyama iliyokaguliwa, na hulipa ada zote. Mtu mmoja anapoingiza gunia la minofu isiyo na muhuri, wao ndio wanaokimbiwa na wateja. Sijasikia hasara yao ikihesabiwa katika kikao chochote kinachojadili ujangili.

Kutoka kwa Waata hadi Carnivore

Ili kuelewa tulivyofika hapa, ni lazima turudi nyuma, maana kula mnyama wa porini hakukuwa uhalifu daima.

Waata wa nyika za Tsavo waliwinda ndovu kwa upinde mzito na mshale wa sumu vizazi na vizazi. Sheria za kikoloni za wanyamapori ziliwageuza wawindaji wa namna hiyo kuwa majangili, huku mzungu mwenye bunduki na leseni akiitwa mwanaspoti. Katika kampeni kali ya 1956 na 1957, askari wa mbuga chini ya David Sheldrick na Bill Woodley waliwapeleka Waata wengi gerezani. Mwaka 1960 ulianzishwa Mpango wa Galana, uliokusudia kuwapa Waata hao njia halali ya kuvuna ndovu. Haukudumu.

Mei 1977, serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilipiga marufuku uwindaji wote. Mwaka uliofuata biashara ya pembe, ngozi na vinyago vya wanyama ikafungwa pia. Marufuku hiyo ndiyo msingi wa sheria hadi leo.

Hata hivyo mlango uliachwa wazi kidogo. Katika ranchi ya David Hopcraft, Athi River, swala na kongoni walivunwa kwa kibali maalum katika miaka ya 1980. Miaka ya 1990 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, liliruhusu ranchi za maeneo kama Laikipia, Machakos na Naivasha kuvuna idadi fulani ya wanyama kwa majaribio. Nyama hiyo ilifika mezani katika mkahawa wa Carnivore, Barabara ya Langata, uliofunguliwa 1980. Watalii na Wakenya wenye pesa walikula pundamilia na pofu waliochomwa kwenye mikuki, bila hofu ya askari.

Majaribio hayo yalisitishwa 2003. Carnivore ikabaki na mbuni na mamba, wanaofugwa.

Tazama basi jinsi mambo yalivyogawanyika katika mji mmoja. Kwa miaka mingi, mlaji wa Langata aliambiwa jina la mnyama na akalipa ziada kwa ajili ya jina hilo. Mlaji wa upande wa pili wa mji alifichwa jina hilohilo. Hilo limenikera tangu nianze kuiandika makala hii, na sioni sababu ya kulificha.

Waya na tochi

Anayedhani ujangili wa nyama ni kazi ndogo ya watu wenye njaa afike Naivasha au nyanda za Machakos na Kajiado. Mitego ya waya hutegwa kwenye njia za wanyama kuelekea maji. Waya wenyewe hutolewa kwenye nyua za mashamba, gharama yake ni karibu na bure, na hauchagui. Aliyelengwa alikuwa swala, lakini twiga huingiza mguu, pundamilia huingiza shingo, na simba anayepita hukatika paja. Vikosi vya kuondoa mitego vinavyofanya kazi na KWS Tsavo vimekuwa vikikusanya waya huo mwaka baada ya mwaka.

Digidigi huwindwa kwa tochi. Mwanga humduwaza, na rungu humaliza. Mnyama huyu ana kilo tano hivi akiwa mzima, na akishachunwa anafanana na mwanambuzi. Ndiyo maana yeye huweza kuuzwa hata bila kusagwa.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, ilitenganisha makosa mawili. Aliyewinda kwa ajili ya chungu cha nyumbani aliwekewa faini isiyopungua Sh30,000 au kifungo kisichopungua miezi sita. Aliyewinda kwa biashara, aliyeuza, au aliyepatikana tu na nyama ya mnyama wa porini aliwekewa faini isiyopungua Sh200,000 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja.

Soma tena hapo pa kupatikana. Anayeshika mkate wenye katlesi ya pundamilia ameshika nyamapori, ajue asijue. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa. Sheria moja inamtazama kama mshukiwa, nyingine kama mwenye haki, na kati ya hizo mbili hakuna anayempimia nyama yake.

*Faini ya nyamapori imeandikwa. Ratiba ya kupima nyama ya kusaga mitaani haijaandikwa.*

Hesabu moja, pande mbili

Mjadala wa kuruhusu nyamapori haukuanza jana. Mwishoni mwa 2004 Bunge lilipitisha mswada wa mbunge G.G. Kariuki wa kurekebisha sheria ya wanyamapori, na Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia sahihi. Mwaka 2018 Waziri wa Utalii Najib Balala aliunda jopo la kuchunguza matumizi ya wanyamapori yanayohusisha kuwavuna. Katika miaka ya karibuni, maandalizi ya sera na sheria mpya yameliweka suala hilo mezani tena.

Wanaounga mkono wana hoja yenye uzito. Zaidi ya nusu ya wanyamapori wa Kenya huishi nje ya mbuga, katika ardhi ya wafugaji na ya hifadhi za jamii. Mfugaji ambaye pundamilia wanammalizia nyasi, ambaye uzio wake unabomolewa na nyati, hapati senti kutoka kwa wanyama hao isipokuwa awe karibu na hoteli ya kitalii. Akiruhusiwa kuvuna kiasi kidogo kwa kipimo, wanasema, atakuwa na sababu ya kuwaacha wanyama waishi badala ya kuweka waya za umeme na kulima maharagwe. Hutoa mifano ya Namibia na Afrika Kusini.

Wanaopinga huuliza ni nani atakayehesabu. Wanakumbusha kwamba utalii wa kutazama wanyama ndio jina la Kenya ulimwenguni, na kwamba taifa linaloshindwa kuzuia gunia moja lisifike mjini haliwezi kudhibiti malori yenye vibali.

Kila upande hushika takwimu ileile. Utafiti ulioongozwa na Joseph Ogutu, uliochapishwa 2016, ulionyesha kwamba wanyamapori katika nyanda za malisho za Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68 kati ya 1977 na 2016. Mwaka wa kuanzia ni uleule wa marufuku. Basi, wanasema wa upande wa kwanza, marufuku imefeli. Wa upande wa pili hujibu kwa ukurasa mwingine wa utafiti huohuo: katika kipindi hicho kondoo na mbuzi waliongezeka kwa asilimia 76 hivi, watu wakazidi, nyua zikajengwa. Kilichowafukuza wanyama, wanasema, ni ardhi kujaa, na bucha halitairudisha ardhi hiyo.

Hesabu ya kitaifa ya wanyamapori ya 2021 ilipata ndovu 36,280, twiga 34,240 na nyati 41,659. Swala aina ya hirola walikuwa 497 tu. Ukiziweka tarakimu hizo kando ya mji wenye zaidi ya watu milioni nne wanaotaka kitoweo, utaona jinsi hata tamaa ndogo ya soko inavyoweza kuwa kubwa kwa nyika.

Jirani yetu Tanzania alichagua njia nyingine. Baada ya agizo la Rais John Magufuli, kanuni za mauzo ya nyamapori zilitolewa 2020, na bucha za nyamapori zikafunguliwa Dodoma na kwingineko. Mwenye bucha hutakiwa kusajiliwa na kuonyesha nyama ilikotoka. Tanzania ilikuwa na faida ambayo Kenya haina: uwindaji wa kitalii uliendelea kuwa halali huko, kwa hiyo tayari palikuwa na nyama ya halali isiyo na soko, na maafisa waliozoea kutoa vibali vya wanyama waliouawa.

Mimi nimewasikiliza wote na nimefika hapa: mfugaji wa Laikipia na Kajiado anadhulumiwa na anastahili kulipwa, lakini asilipwe kupitia kima cha Eastlands. Bucha lenye kibali cha kilo 50 za pundamilia linaweza kuuza kilo 200 kwa kibali hichohicho ikiwa hakuna anayepima. Nyama halali na ya jangili, zikishasagwa, ni nyekundu sawasawa. Kabla ya kufungua mlango mpya, ule wa zamani ufungwe kwanza kwa kupima kinachouzwa leo.

Na kupima kunawezekana. KWS ilifungua maabara yake ya uchunguzi wa vinasaba mwaka 2015, na imetumika kutoa ushahidi mahakamani. Wanasayansi wa kituo cha utafiti cha icipe, palepale Kasarani, walichapisha 2020 njia ya kutambua aina ya mnyama kutokana na kipande kidogo cha nyama kwa gharama nafuu. Chombo kipo umbali wa matatu moja kutoka Kariobangi. Vichinjio na afya ya vyakula ni kazi ya kaunti chini ya Katiba ya 2010, na maafisa wa afya wa kaunti huzunguka mitaani kila siku wakikagua vibali vya vibanda. Wangechukua kijiko cha kima kila wanapoingia, tungekuwa na jibu ndani ya mwezi.

Kimeta na kibudu

Kuna wanaosema nyama ni nyama, na moto huua kila kitu. Si kweli kwa kimeta. Viini vya ugonjwa huo hujifunga katika ganda gumu linalostahimili joto la kawaida la kupikia na kukaa udongoni kwa miaka. Mwaka 2015 ugonjwa huo uliua nyati wengi katika mbuga ya Ziwa Nakuru. Jangili hana mkaguzi wa kumwambia kwamba mnyama aliyemkuta amelala chini alikuwa mgonjwa kabla ya kufa.

Homa ya Bonde la Ufa ni mfano mwingine. Mlipuko wa 2006 na 2007 uliua zaidi ya watu 150 nchini, na watu wengi waliambukizwa walipochinja au kugusa damu ya wanyama wagonjwa. Serikali iliweza kufunga uchinjaji katika maeneo yaliyoathirika kwa sababu vichinjio vinajulikana viliko. Kichaka cha usiku hakifungwi kwa tangazo.

Kwa Waislamu wa Pumwani na Eastleigh, liko jambo jingine juu ya afya. Hata mnyama ambaye nyama yake inaruhusiwa huwa haramu akifa mtegoni bila kuchinjwa. Ni kibudu. Punda wa kufugwa ni haramu kwa vyovyote. Muuzaji anayemtia mtu huyo kibudu ndani ya mkate wa futari amemwingilia katika ibada yake, na hakuna faini iliyoandikwa kwa ajili ya hilo.

Katlesi ya halali

Sasa nirudi kwa karai, kwa sababu nilitumwa pia kujua kama mkate huo unaweza kupikwa kwa haki. Unaweza, na njia ni zaidi ya moja.

Mbuni ndiye mnyama wa porini aliye rahisi kupatikana kisheria karibu na Nairobi. Amefugwa Kitengela kwa miaka mingi. Nyama yake ni nyekundu iliyokolea kama ya ng'ombe na ina mafuta machache sana. Uchache huo wa mafuta ndio unaoamua jinsi ya kuipika: ikikaa motoni kupita kiasi hukauka na kuwa ngumu.

Nashauri usiisage. Chukua nusu kilo ya paja, uikate vipande vyenye unene wa kidole kwa kukingama nyuzi za nyama. Vifunike kwa karatasi safi ya plastiki, uvipige kwa mchi wa kinu hadi viwe vyembamba na vipana kama kiganja. Paka saumu na tangawizi iliyotwangwa, chumvi, pilipili manga, maji ya limau nusu. Acha nusu saa, si zaidi, maana limau likikaa huanza kuichubua nyama.

Andaa sahani tatu: unga wa ngano, mayai mawili yaliyopigwa, na chenga za mkate wa juzi uliokaushwa na kusuguliwa. Kila kipande kipite humo kwa mpangilio huo, ukikandamiza chenga zishike. Mafuta yawe yamepata moto kiasi kwamba chenga moja ikidondoshwa huelea na kutoa mapovu papo hapo. Dakika mbili upande mmoja, dakika moja na nusu upande wa pili, kisha toa uweke kwenye waya mafuta yachuruzike.

Pasua mkate au skonzi, upashe moto upande wa ndani juu ya makaa. Weka kipande, kachumbari ya nyanya, kitunguu na dania, matone ya ukwaju, na pilipili ya kukaanga kwa anayeitaka. Anayeula ataona nyuzi za nyama kila anapouma. Hakuna aliyeficha kitu.

Anayetaka katlesi ya pwani hasa asage mwenyewe nyumbani, au asimame mbele ya mashine bucha likimsagia kipande alichokichagua. Kima kipikwe na vitunguu, bizari na pilipili mbichi mpaka maji yakauke, kifungwe ndani ya viazi vilivyopondwa na kutiwa chumvi, kichovywe kwenye yai na chenga, kisha kikaangwe. Kwa mbuni ongeza kijiko cha siagi au mafuta katika kima, la sivyo kitakuwa kikavu.

Bei ndiyo kikwazo. Kilo ya ng'ombe yenyewe imepita Sh500 katika bucha nyingi za Eastlands, na mbuni ni ghali zaidi. Mtu anayenunua robo kilo ya familia hatamfikiria mbuni.

Kware ni wa bei nafuu, na Eastlands inamkumbuka vizuri. Mwishoni mwa 2013 na mwanzoni mwa 2014, vizimba vya kware vilijaa kwenye roshani za Umoja na Buruburu. Yai moja liliuzwa hadi Sh100 kwa sababu watu waliambiwa ni dawa. Miezi michache baadaye soko lilianguka na wengi wakapoteza akiba zao. Waliobaki na ndege hao walihitaji leseni ya KWS, kwa kuwa sheria humtambua kware kama mnyama wa porini hata akizaliwa kwenye kasha la Kayole. Kanga naye yuko chini ya utaratibu huo. Kifua cha kware kikitolewa mfupa na kupigwa kidogo, viwili au vitatu hujaza mkate mmoja.

Aliyebaki ni sungura wa kufugwa, anayezaana haraka na kukua katika kizimba nyuma ya nyumba kwa majani ya sukuma na maganda ya karoti. Nyama yake nyeupe hukaangwa kwa chenga kama ile ya mbuni, dakika moja zaidi kila upande. Hahitaji leseni ya KWS, na ukimnunua kwa jirani utamwona akiwa hai kabla hajafika kwenye karai.